Bandi Ndani ya Injini

Binti yangu hakuwa na gereji. Hakuwa na meza ya chuma, wala kile kifaa cha kung'olea sumaku ya injini ambacho mafundi hukifungia kabatini kama dhahabu. Hakuwa na kitabu cha pikipiki yake, maana pikipiki yenyewe ilikuwa mzee kuliko yeye. Hakuwa na mguu wa kulia wa kupigia kiki. Ugonjwa wa utotoni uliuachia nguvu ya kukanyaga breki, basi. Na muda nao hakuwa nao. Alikuwa na cherehani, pasi, mikono yake miwili, na shangazi mwenye mdomo.

Shule ya bweni iliyo juu mlimani ilimwandikia barua. Walitaka fundi wa kuwashonea wanafunzi sare, awe anapanda kila wiki kupima na kurekebisha. Sharti lilikuwa moja: awe na usafiri wake, kwa kuwa gari la abiria halifiki kule. Jibu la maandishi litiwe posta kabla ya Ijumaa.

Usafiri wake ulikuwa hiyo pikipiki, tuliyoiita Bibi. Na Bibi alikuwa ameacha kuitikia kitufe cha kuwashia. Ukibonyeza, stata ilizunguka ikilia wiii, lakini injini wala haikushtuka. Zamani nilikuwa nikimpigia kiki mimi, hadi goti langu lilipogoma. Baada ya hapo kila safari ya binti yangu ilianza kwa kumwomba mpita njia.

"Andika tu kwamba usafiri unao," dada yangu, yaani huyo shangazi, alimwambia. "Pikipiki si hiyo hapo? Hawakuuliza kama inawaka."

"Na kule mlimani nitaiwashaje, Shangazi?"

"Baba yako atakwenda nawe awe anaisukuma."

"Nikisukuma mimi, mtarudi na jeneza," nikasema.

Binti yangu hakucheka. "Siandiki 'ndiyo' mpaka niwe nimekaa juu yake, nibonyeze mwenyewe, iwake. Nimechoka kuwashiwa."

Akatandika shuka kuukuu barazani, akaanza. Oili aliimwaga katika sufuria ya shangazi yake, jambo lililoleta maneno mengi ambayo sitayaandika. Alipofungua kifuniko cha ubavuni tukaiona sumaku, bakuli zito la chuma lililokaza kwenye mhimili wa injini kama limeota pale. Katikati yake palikuwa na tundu lenye meno ya skrubu. Alilitazama, kisha akaizunguka pikipiki polepole, vile anavyomtazama mteja kabla hajashika futi kamba.

"Meno haya nimeyaona mahali," akasema.

Aliyaona kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Akaichomoa, akaiingiza kwenye lile tundu, akakaza kwa spana. Kah! Bakuli likaachia. Dada yangu, aliyekuwa akilalamikia sufuria, akaja kuchungulia.

Nyuma ya bakuli ndipo ilipokaa klachi ya stata. Nitaieleza, kwa sababu inastahili. Ni pete ya chuma yenye vijumba vitatu vilivyolala mshazari, vipana upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Katika kila kijumba mna rola ndogo, kama kiungo cha kidole cha mtoto, na springi nyembamba inayoisukuma kuelekea kwenye wembamba. Gia ya stata ina shingo laini inayoingia katikati ya pete hiyo. Stata inapoizungusha shingo, rola zinabanwa kwenye wembamba na injini nzima inaburutwa. Injini ikishawaka na kukimbia kuliko stata, rola zinarudi kwenye upana na kuiachia. Hakuna anayeziamuru. Kwetu, springi moja ilikuwa imekatika, na rola zilikuwa zimelika kama sabuni ya kuogea.

Rola na springi mpya alizipata duka la vipuri. Kuzipanga ndiyo ilikuwa kazi. Akiirudisha ya kwanza nyuma ili shingo ipite, ya tatu inachomoka na springi yake inarukia chini ya cherehani. Siku ya Alhamisi ilipoanza kumtisha, alichukua nta, ile anayopakia uzi wa vifungo ili usikatike. Akazigandisha rola kwa nta mahali pake. Zikatulia kimya kabisa. Akafunga kila kitu, akamimina oili, akapanda, akabonyeza.

Wiii.

Akabonyeza tena. Wiii. Akashuka, akakaa kwenye shuka, mikono ikiwa magotini.

Baada ya kitambo binti yangu akasema, kama anayezungumza na vidole vyake, "Nta. Nimezishika zisitoke, na ndivyo nilivyozishika zisiume."

Akafungua upya. Kweli, rola zilikuwa zimelala ndani ya nta kama mbegu ndani ya tunda bichi. Akawasha pasi, akaiegemeza kwenye pete hadi nta ikayeyuka na kuchuruzika, kisha akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa.

"Sasa utazishikilia na nini?" nikamuuliza.

"Nitazipiga bandi, Baba, mshono wa muda tu."

"Utashona injini!" dada yangu akapaza sauti. "Jamani, njooni mwone!"

Lakini ndivyo alivyofanya. Alipitisha uzi wa jinzi kwenye kila rola, akaivuta nyuma dhidi ya springi yake, akafunga ncha nje ya bakuli kwa fundo la kufunguka. Akaiingiza shingo ya gia katikati hadi nusu. Kisha akafungua mafundo, akavuta nyuzi moja baada ya moja, vilevile anavyochomoa bandi baada ya kushona pindo la suruali. Kila uzi ulipotoka, ndani palisikika tik.

"Shika, Baba. Zungusha kuja kwako."

Nilisoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima. Mwalimu wetu alichora msuguano ubaoni kwa mshale. Nikaunakili, nikafaulu mtihani. Sikuwahi kuushika mkononi. Nilizungusha gia ile kuja kwangu, ikateleza kama hariri. Nikaizungusha kwenda upande wa pili, ikakataa. Haikukwama wala haikukwaruza. Ilisimama tu, kimya.

Dada yangu akaniondoa kwa kiwiko, akaishika kwa mikono yote miwili, akakunja uso. "Nani anaishikilia humo ndani?"

"Ni wewe, Shangazi. Unavyozidi kulazimisha ndivyo inavyozidi kukaza. Ukirudi nyuma kidogo tu inakuachia."

Dada yangu akarudi nyuma kidogo. Ikamwachia. Akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Tulikaa watatu tukipokezana kipande kile cha chuma.

Alipokwisha kufunga, binti yangu alipanda, akaweka sawa gauni lake, akabonyeza. Bibi akakohoa, akanguruma. Wiii ya stata ikakatika palepale, nami nikajua kwamba ndani mle rola tatu zimeachia kwa wakati mmoja. Akaizima, akabonyeza tena. Akaizima, akabonyeza tena, machozi na kicheko vikichanganyika.

"Utamaliza betri wewe!" shangazi yake akapiga kelele, naye akifuta macho kwa kanga.

Barua niliiandika mimi, kwa kuwa hati yangu hainitii aibu, yeye akinitajia maneno. "Usafiri ninao, na ninauwasha mwenyewe."

"Hilo la kuwasha hawakuuliza," dada yangu akasema.

"Liandike, Baba."

Nikaliandika, akatia sahihi. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi akaweka chembe ya nta chini ya ulimi wa bahasha na kuukandamiza kwa ncha ya pasi yenye joto. Ikashika barabara.

Nilipanda nyuma yake, barua mfukoni. Mbele ya posta akaizima pikipiki kwa makusudi, apate kuiwasha tena mwenyewe, akanitazama nikielekea kwenye sanduku. Nikaitumbukiza.