Mkono wa Kushoto wa Lori

Lori lilikuwa limeondoka nusu saa nzima Baba alipouliza swali lake, na aliliuliza hivi hivi tu, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Cheche, ule mkono wa kushoto uliuchomelea saa ngapi? Mbona umeme haukurudi jana?"

Cheche, fundi wa kuchomelea katika gereji ya baba yake, alikuwa anafagia. Alisimama na ufagio wake. Alidhani mzee anatania, maana ana utani wake wa asubuhi, mkavu, usio na chumvi.

"Si wewe uliyeumalizia, Baba?"

"Mimi? Mimi nilipiga rangi tu."

Hapo Cheche akautupa ufagio. Na wewe ungekuwa unaijua ile kazi, ungeutupa vilevile.

Habari yenyewe ni hii. Mume wa Cheche ni dereva wa lori hilo. Huwapelekea vipuri na maji mafundi wa minara ya simu huko juu mlimani, njia ya mawe matupu, makorongo kushoto na kulia. Mwezi uliopita gurudumu moja la mbele lilibaki hewani, lori likaanza kuinama, akaponea chupuchupu. Alirudi nyumbani kabadilika rangi, akaomba magurudumu ya mbele yapewe nafasi zaidi ya kupanda na kushuka, yawe yanaifuata ardhi hata kwenye mashimo. Maana yake ni springi ndefu na shokapu ndefu, na ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ikatwe, iongezwe kipande, iungwe upya. Ni kazi ya siku nne. Waliifanya kwa tatu, kwa sababu mume hakuwaacha wapumue. Kila saa yuko mlangoni, bado tu, bado tu.

Sasa gereji ile ina sheria yake, na aliyeiweka ni Baba mwenyewe. Ukiunga vyuma unavishikiza kwanza kwa nukta nne za moto, vikae sawa, upime. Kisha unakizungushia kiungo chaki nyeupe. Maadamu chaki ipo, kiungo hakijachomelewa. Ukimaliza kuchomelea mzunguko mzima, unaifuta mwenyewe. Hakuna kuulizana. Kumuuliza fundi mzima kama kamaliza kazi yake, pale ndani, ni kumtukana.

Jana alasiri Cheche alikuwa ameushikiza mkono wa kushoto na kuuchora chaki yake vizuri, umeme ukakatika. Akaenda mjini kutafuta bolti. Aliporudi jua linazama, alikuta mkono umepigwa rangi nyeusi, unang'aa, chaki hamna. Akajua mzee kawasha jenereta, kamalizia. Akashukuru kimoyomoyo, wakaufunga garini yeye na mumewe, na hakuinama hata mara moja kutazama chini ya ile rangi. Kwa nini atazame? Chaki hamna.

Kwa hiyo mume wake wa pekee alikuwa anapanda mlima na tani mbili za mzigo, na gurudumu la kushoto limeshikwa na nukta nne, kila moja kubwa kama punje ya hindi.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, kimakosa akabonyeza namba ya muuza mbao, akakata. Haipatikani. Kule njiani mtandao ni wa kubahatisha, ndiyo sababu hasa inajengwa minara.

"Panda," alimwambia Baba, na mzee akapapasa kiti cha nyuma cha pikipiki, akapanda. Jeki akaifunga mbele, na gogo moja la mbao.

Njia nzima Cheche aliogopa, na aliogopa kwa macho. Kila kona aliona kitu kabla hakijaonekana: lori limelala chali, magurudumu juu, moshi. Kona ikipita, njia nyeupe tu, na alama za matairi mapya. Alijaribu kuhesabu. Kwenye barabara ya changarawe nukta nne zinaweza kuhimili, labda. Kwenye mawe, hapana. Gurudumu likishuka kwa nafasi yote liliyopewa, springi ile mpya inausukuma mkono kwa nguvu kuliko zamani. Sifa yote ya kazi ile ndiyo iliyokuwa inataka kumuua mtu. Kijasho chembamba kilimtoka mgongoni na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nyuma yake Baba alimshika kiuno, na alimshika kwa nguvu mno kwa mwendo ule.

Walilikuta kwenye korongo la tatu.

Lilikuwa limesimama mshazari, pua imeelekea chini, upande wa kushoto ukining'inia juu ya shimo ambalo mtu akianguka haulizwi anaendeleaje. Gurudumu la mbele la kulia limepanda jiwe, la kushoto limeshuka, limeshuka, mpaka unashangaa. Mumewe alikuwa ametoa kichwa dirishani, meno yote nje. Alisimama kusudi alitazame gurudumu lake. Akapunga mkono, akasema jamani mke wangu njoo uone linavyoteremka, kama limepewa goti la pili.

Cheche alizima pikipiki. Alitaka kupiga kelele, akajizuia asimshtue. Basi alitembea, polepole, na aliposogea karibu alisema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto:

"Mume wangu, usitoe mguu kwenye breki. Usiguse kitu kingine. Mkono wa kushoto haukuchomelewa."

Kicheko kilibaki usoni mwa mume kwa muda, hakina mwenyewe. Kisha kikaondoka. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba akae hivyo mpaka lini, maana mguu umeanza kutetemeka. Cheche akamwambia akae.

Aliyasukumia mawe magurudumu ya nyuma, moja, mbili, kila jiwe akilikandamiza kwa kisigino. Halafu akalala chini, akatazama. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye kiungo, mstari mwembamba unaozunguka. Nukta mbili zilikuwa zimekatika kabisa. Ya tatu ilikuwa na ufa. Ya nne hakuiona, ilikuwa kwa juu, na kazi yote iliyobaki ilikuwa juu ya hiyo moja. Lori likisogea shibiri moja mbele, uzito wote ungeingia pale.

Ilibidi aingie chini na jeki, aubebe mwili wa lori kabla halijaamua lenyewe. Chini ya lori lile, upande wa shimo. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na hakuona aibu. Alimwita Baba, akamsogeza mpaka kwenye tairi, akamwonyesha pa kuchuchumaa.

"Baba, mimi siwezi kutazama jeki na kiungo kwa wakati mmoja. Wewe kazia macho ule ufa. Ukiona unafunguka, sema, nitoke."

"Sawa," alisema Baba.

Akaingia. Alitambaa kwa viwiko, akaweka gogo, akaweka jeki juu ya gogo, akaanza kuizungusha. Robo, nusu. Tope lililokauka lilimwagikia usoni. Juu ya kichwa chake chuma kikalia, tk, sauti ndogo tu. Akaganda. Alingoja Baba aseme.

Baba hakusema.

"Baba, umefunguka?"

Mzee alisogeza uso karibu zaidi na tairi.

"Baba. Unauona ufa?"

"Sioni."

"Huoni ufa?"

"Siuoni mkono, mwanangu," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Cheche alivyowahi kuisikia. "Naona giza na mwanga tu. Mkono siuoni."

Kuna mambo mtu hayawazi akiwa chini ya tani mbili, kwa hiyo Cheche hakuyawaza. Alizungusha jeki. Alizungusha bila kutazama popote, huku akinong'ona jina la Mungu na matusi kwa pamoja, mpaka akasikia springi imelegea na lori limeinuka likapumzika juu ya gogo. Akatambaa kinyumenyume, akasema kwa mumewe, toka, mlango wa kulia, taratibu. Mume akateremka. Akakaa palepale kwenye mawe, akamkumbatia mkewe magotini.

Walikaa hivyo. Baadaye Cheche akamgeukia baba yake, aliyekuwa bado amechuchumaa pale alipowekwa.

"Tangu lini?"

Tangu mwaka jana, alisema. Mwanzo ilikuwa ukungu wa asubuhi tu, ukawa wa mchana. Jana alipapasa mkono ule, akautazama, hakuona chaki. Hivyo umemalizwa. Akaupangusa kwa kitambaa kama anavyopangusa kila kitu kabla ya rangi. Na kwa nini hakusema? Alicheka bila furaha. Angemwambia nani kwamba fundi wa kuchomelea haoni?

Cheche alitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Kilichokuja ni baridi, ikampanda kutoka nyayoni.

"Baba. Mwaka mzima umekuwa ukichomelea na wewe."

"Nilikuwa nafuata mwanga wa moto."

"Magari gani?"

Mzee alifumba macho yake yasiyomsaidia, akaanza kukumbuka. Trela la yule wa mbao. Gari la maji, kile kiti cha chuma kinachobeba tangi. Pikapu ya daktari wa mifugo.

"Basi la shule," alisema. "Lile la njano. Fimbo ya usukani. Wiki iliyopita."

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini, saa ambayo basi lile huwa njiani na watoto. Mumewe alikuwa ameshasimama, anapanda mlima mbio huku ameinua simu juu, anatafuta mtandao, na Cheche akamfuata, na nyuma yao Baba aliendelea kutaja magari.