Kimya cha Ivar

Mume wangu Harmen anaogopa ngazi. Kisa chote kilianzia hapo, na nalisema mapema asije akajisafisha baadaye.

Alikuwa amehamishia meza yake ya kuchorea ramani za nyumba kwenye zizi la zamani, ng'ambo ya uwanja, na mtandao wa jikoni haukufika huko. Dukani mjini Leeuwarden, huku kwetu Uholanzi, walitupa njia mbili. Ya kwanza, visahani viwili vinavyotazamana, kimoja chini ya paa la nyumba, kingine zizini, virushiane mtandao juu ya uwanja. Ya pili, adapta mbili za kuchomeka ukutani, mtandao upite ndani ya nyaya za umeme.

"Visahani," nikasema. "Nyaya zetu zilifungwa babu yako angali anakamua kwa mkono."

"Visahani vinataka njia nyeupe. Jumatatu ukianika mashuka yako mabichi, mimi ndiyo nimekatwa."

"Sema unaogopa kupanda, bwana, tuelewane."

"Adapta unachomeka tu, basi!"

Tukanunua adapta. Akachomeka moja jikoni na nyingine zizini, mtandao ukafika. Alitamba wiki nzima.

Baba mkwe wangu, mzee Sjoerd, anakaa chumba cha mbele na redio yake. Ujanani alikuwa mtuma simu za melini, na kila alasiri baada ya chai alizungumza na Ivar, mtu wa kazi hiyohiyo, kwenye kisiwa kimoja cha Norwei. Walizungumza kwa nukta na vistari, ti-ti-taa: hali ya hewa, magoti, nani kapata mjukuu. Hawakuwahi kuonana. Mimi huku namenya viazi, ukungu umefuta shamba lote dirishani, nasikia ule mdonoo kama kuku kwenye sufuria, na nyumba naiona kama inaelea taratibu kwenda kwa huyo Ivar. Niliupenda mno mdonoo ule.

Wiki ileile ya adapta, Ivar alikuwa ameaga: anakwenda kupasuliwa moyo, akirudi ataita. Baba akangoja. Redio ikatoa shhhh tu, kama mafuta jikoni.

"Ama ni masikio yangu, ama ni yeye," akasema.

"Si umpigie simu, baba?"

"Nikipiga, mkwe wangu, atapokea mtu mwingine."

Majani yakapukutika, mifereji ikaanza kuganda, naye kila alasiri akikaa mbele ya ile shhhh, chai inapoa. Siku nyingine nilimkuta amelala, kidole kikigonga mkono wa kiti. Nadhani ndotoni alikuwa anajibiwa.

Siku ya kufunga mwaka nilitaka kukaanga oliebollen, maandazi yetu ya zabibu. Kikaango cha umeme kilitaka soketi, nikaing'oa adapta.

Ile shhhh ikakatika, kama sufuria iliyoepuliwa. Kisha, kutoka chumba cha mbele: ti-ti. Ti-ti-ti-taa.

"Ivar!" Baba alipiga kelele hata nikaangusha mwiko. "Ananiita! Anasema... ngoja... anasema kila siku ananiita. Anasema kama nimekufa, ningekuwa na adabu nikamwambia!" Alicheka, machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Mpumbavu yule! Ameshanipandishia bendera nusu mlingoti!"

"Mwambie aifikishe juu!" nikasema, nami nalia.

Harmen akaingia mbio kutoka zizini. "Nani kanikatia mtandao?"

Nikamwonyesha adapta mkononi, ile iliyokuwa ikinguruma ndani ya redio. Akamtazama baba yake, akaitazama redio, akaelewa. Alitoka kwenda kutafuta ngazi, na alipanda akiikumbatia, mimi nimeishika kwa chini, simtanii hata kidogo.

Visahani vikafanya kazi. Jumatatu mashuka yaliziba kweli, na Harmen akawa anakuja kunywa kahawa na baba yake hadi yakauke. Nikaanza kufua hata yaliyo safi.

Majira ya baridi yaliyofuata, Ivar akanyamaza tena.

Safari hii Harmen hakuambiwa. Alizunguka nyumba nzima aking'oa: ruta, saa ya ukutani, taa, friji. Mwisho akazima swichi kuu, redio ikabaki kwa betri. Nje theluji ilianguka bila upepo. Tukakaa watatu, tukasikiliza.

Hapakuwa na shhhh. Hapakuwa na chochote.

Baba aliinamisha kichwa muda mrefu, kama mtu anayesomewa barua.

"Kimya hiki ni kisafi," akasema. "Hiki ni chake mwenyewe."

Akashika kitufe, akagonga polepole maneno machache, asitutafsirie. Kisha akavua shingoni vidude vyake vya kusikilizia, akaviweka juu ya meza.

"Haya, mwanangu, washa umeme. Maziwa yataharibika."

Harmen hakunyanyuka. Wala mimi.