Kadi ya Mtandao na Swali la Shemeji

Jumamosi saa nne asubuhi, Mhandisi alilehemu mguu wa mwisho wa kadi yake juu ya meza ya chakula, akapuliza moshi, akamwambia mkewe kwamba sasa sahani zinaweza kurudi mahali pake. Mkewe akajibu kwamba sahani zimeshazoea kabatini na hazina haraka. Kwa miezi saba walikuwa wakila wamepakata sahani magotini, kama watu waliohamia jana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya aina ile ambayo kibodi ndiyo mwili wote na kioo chake ni televisheni ya sebuleni. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo kuliko ya saa ya mkononi ya siku hizi, na walioiunda hawakufikiria kwamba ingekuja kutaka kuzungumza na kompyuta nyingine. Mhandisi aliamua itazungumza. Kadi za kuagiza zilikuwa ghali, kwa hiyo alijiundia yake. Chipu ya mtandao aliing'oa kwenye rauta iliyotupwa, soketi aliikata kwa msumeno kutoka kwenye printa iliyokufa, na programu aliiandika kwa penseli kwenye daftari, mstari baada ya mstari, kama alivyofundishwa shule ya usiku alipokuwa kijana. Gharama yote haikufika bei ya kandambili. Jambo hilo alimweleza kila aliyebisha hodi, hata msoma mita.

Alichomeka kadi mgongoni mwa kompyuta, akaunga waya, akawasha. Taa ya kijani ikapepesa. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Shemeji, ni wewe?"

Aliyeuliza alikuwa dada mkubwa wa mkewe, aliyezikwa miaka mitano iliyopita. Mhandisi alikagua kama waya umekaa vizuri, akauona umekaa. Akachapa kwamba ndiyo, ni yeye.

Mkewe akaja akijifuta mikono, akasoma, akavuta kiti.

"Muulize ufunguo wa sanduku la mama aliuweka wapi," alisema. "Tumeutafuta mpaka tumechoka."

Jibu lilifika baada ya sekunde nne, muda ambao Mhandisi aliuona si mbaya kwa mashine ya umri ule. Ufunguo ulikuwa ndani ya cherehani, chini ya kifuniko cha bobini. Walikwenda wakautoa.

Tangu siku ile marehemu alipatikana kila asubuhi mpaka adhuhuri. Alisema yuko karakana ya simu, kwenye benchi lile alilofanyia kazi na shemeji yake ujanani. Taa zinawaka, viti vipo, ila hakuna mtu anayeingia. Mhandisi alijaribu kuifikisha kadi kwingineko, kwenye habari au hali ya hewa, lakini haikufika popote ila kwenye benchi lile. Aliihesabu hiyo kuwa kasoro ya programu, akaahidi kuishughulikia. Fundi cherehani wa jirani alikuja kuomba amsalimie marehemu mumewe. Akaambiwa kadi bado ina njia moja tu, akasema atasubiri toleo la pili.

Siku ya nne mkewe alikuwa sokoni. Kwenye kioo kukaandikwa: "Shemeji, ile chipu nani aliigeuza?"

Mhandisi alizima kompyuta, akaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa.

Desturi ya karakana ilikuwa hii: fundi akimaliza bodi, huandika herufi za jina lake kwa penseli mgongoni mwake, na tangu hapo bodi ni yake kama mtoto. Miaka thelathini na minane iliyopita shemeji alimaliza bodi kuu ya simu, akaandika herufi zake, akaenda kula. Alikuwa hodari kuliko wote mle ndani, na Mhandisi alilijua hilo kila siku alipoketi karibu naye. Usiku uliotangulia Mhandisi alikuwa amefundishwa darasani jinsi chipu ile inavyofanya kazi, na alitaka kuiona kwa macho yake. Akaichomoa, akaitazama, akairudisha. Kila chipu ina kibonyeo upande mmoja, kuonyesha kichwa kiko wapi. Yeye alikirudisha kichwa miguuni. Saa nane wakawasha umeme, bodi ikafuka moshi, na nusu ya mji ikakaa siku tatu bila simu.

Mkuu wa karakana aligeuza bodi, akasoma herufi. Shemeji alifukuzwa kazi jioni ile ile, na benchi akapewa Mhandisi. Wakati huo alikuwa ndio kwanza ameoa. Katika kikao cha ukoo alisimama akamtetea shemeji yake: kuteleza si kuanguka, alisema, tumsamehe. Wakwe walimsifu kwa busara. Shemeji alishona sare za shule mpaka mwisho wa maisha yake, na hakugusa tena hata redio.

Sasa swali lilikuja kila asubuhi. Mhandisi alipomsomea mkewe, aliliruka. Lakini mkewe alikuwa amejifunza kuchapa kwa kidole kimoja, na Jumatano ya wiki iliyofuata, Mhandisi aliporudi kutoka kwa kinyozi, alimkuta mbele ya kioo.

"Dada anasema anakuuliza jambo, humjibu," alisema. "Anasema amekaa pale anahesabu miguu ya ile chipu, moja mpaka ishirini na nane, na kila akihesabu anaona aliiweka sawa. Kisha anaanza upya. Hapumziki."

Mhandisi alivua kofia, akaivaa tena.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," mkewe akasema. "Mtulize, baba. Neno moja tu."

Akampisha kiti, akabaki amesimama nyuma yake. Mhandisi aliketi. Alijua neno lenyewe, na lilikuwa fupi. Alichapa herufi ya kwanza ya jina lake. Akasikia pumzi ya mkewe shingoni. Akaifuta ile herufi.

Akachapa: "Hata mimi sijui, shemeji. Zamani sana."

Sekunde nne zikapita, kisha kumi, kisha dakika nzima. Mkewe akasema labda waya umelegea. Haukulegea.

"Basi ni mimi," kioo kikaandika. "Miaka yote hii nilikuwa nakushuku wewe. Nilikuwa nakuja kwako, nakula chakula chako, huku moyoni nakushuku. Nimeona aibu, shemeji. Nisamehe."

Mkewe alijifuta macho kwa kiganja.

"Mjibu," alisema. "Usimwache roho juu."

Mhandisi akachapa: "Nimekusamehe."

Mkewe akamshika bega, akasema wanaume wenye moyo kama huo wamekwisha duniani, akaenda kuwaeleza majirani. Mhandisi alinyoosha mkono nyuma ya kompyuta, akaigusa chipu kwa mgongo wa kidole, kama fundi anavyopima iwapo kuna kitu kinaungua. Ilikuwa baridi. Kazi ilikuwa safi kabisa.