Me Sabini na Mbili

Sumie mwenyewe ndiye aliyemfukuza mumewe Teikichi hospitali. "Baba Kazuha, kama huwezi kutulia, nenda ukahangaikie hekaluni. Unanitia kiwewe bure." Saa nne madaktari wangempasua Sumie jicho la kulia. La kushoto lilikufa mwaka juzi, na hili nalo likiharibika, basi ndiyo giza moja kwa moja.

Teikichi akapanda ngazi za hekalu la Buddha wa tiba mbiombio, mzee mzima, mwandishi wa mabango aliyestaafu. Akanunua kibao cha maombi, akaomba brashi na wino. Kwetu mgonjwa wa macho huandikiwa herufi me, maana kwa Kijapani me ndilo jicho, herufi moja kwa kila mwaka wa umri wake. Hapo kale ilikuwa alama ya kuandikia neno mwanamke. Watu wakaiandika kwa haraka karne na karne mpaka ikapoteza pembe zake, ukabaki mkunjo tu. Teikichi alikuwa ameiandika maisha yake yote.

Akaandika me sabini na moja. Kibao kikajaa pomoni.

Bi Ogino, muuza vibao, akachungulia. "Mkeo ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Hiyo ya kwenye vyeti. Hapa tunahesabu kizamani, mtoto anazaliwa na mwaka wake mmoja tayari. Umempunja, mzee."

"Nafasi imekwisha."

"Basi kitundike hivyohivyo. Inatosha, Buddha si karani."

Neno hilo lilimchoma. Ni yeye aliyemwambia Sumie vilevile, alipolalamika kwamba jicho la kushoto linaona ukungu. Ni uchovu tu, tia dawa ya matone, inatosha. Miezi minane mizima aliimba wimbo huo.

"Nipe kibao kingine," akasema.

"Una wazimu wewe? Saa nne hiyo inagonga."

"Nipe tu, mama."

Akaanza upya, polepole, jasho likimtoka. Alipofika sitini na kitu, saa tano ikikaribia, simu ikalia mfukoni. Hakupokea. Angepotewa na hesabu, na kusema kweli aliogopa. Ikalia mpaka ikanyamaza. Akamaliza sabini na mbili, akakitundika kibao, kisha akauzunguka uwanja mara tatu, simu mkononi, kabla ya kupiga.

Alipokea Sumie mwenyewe. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa naandika. Wamesemaje?"

"Wamemaliza. Bandeji inatolewa kesho, ndipo tutajua. Sasa kuandika gani huko kusikoisha?"

"Nilikosea, nikaandika pungufu. Nikarudia zote."

"Umerudia zote?"

"Zote."

"Kumbe unaweza," akasema, na hakuwa akitania.

Teikichi akaketi kwenye ngazi. "Nisamehe, mama Kazuha." Kwa miaka miwili hakuwahi kulitamka neno hilo.

"Niulize kesho," Sumie akajibu. "Bandeji ikishatoka."