Huku Patron ni Nani?

Virginie alikuwa amefundisha kompyuta kwenye sekondari miaka kumi na moja, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtoa jasho kama watu wazima wa chama cha wenyeji wa Kalehe wanaoishi Bukavu. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu. Watu kumi na wanane walikaa katika ukumbi mdogo wa parokia, kule Nguba, kila mmoja ameikazia macho simu yake kana kwamba imemtukana.

Chanzo kilikuwa hiki. Ukurasa wao wa zamani, kwenye mtandao mmoja mkubwa, ulifungwa siku moja bila hodi. Matangazo ya misiba, picha za harusi, hadithi za Kihavu, mambo ya miaka sita yote yalikwenda na maji. Walipoandika kuuliza kosa lao, walijibiwa na mashine. Ndipo Virginie akajitolea kuwafungulia seva yao wenyewe, kompyuta ya kutunzia ukurasa wao, ndani ya mtandao usio na mmiliki mmoja.

"Narudia," alisema, sauti imeanza kukauka. "Fikirini soko. Kadutu iko na komite yake, Nyawera iko na yake. Mutu wa Kadutu anaenda kuuza Nyawera, hakuna anayemukataza. Seva yetu iko vile. Kanuni tunaziweka siye wenyewe, tunaongea na batu ba seva zingine, na hakuna mashine ya kutuchagulia cha kusoma."

"Nimesikia," alisema Papa Mushagalusa, karani mstaafu. "Lakini patron, mwenye kuamuru, eko nani?"

"Hakuna patron, papa."

"Kila kitu iko na patron."

Maman Bintu, fundi cherehani, akadakia. "Miye niliandika jana. Leo yangu iko chini kabisa. Uiweke juu."

"Iko chini kwa sababu ni ya jana, maman! Ya mupya ndiyo inatangulia. Hakuna anayependelewa."

"Basi miye unipendelee kidogo tu."

Virginie alifumba macho. Alipoyafumbua, Maman Rosette alikuwa amesimama mlangoni. Kaka yake alikuwa amezikwa Jumanne. Rosette mwenyewe hakuwa amejiunga na seva, lakini mpwa wake alikuwamo, naye ndiye aliyemwonyesha picha.

"Nani alitia picha yangu kule kwenu?"

Ilikuwa picha yake kando ya kaburi, kitambaa kimemwanguka, mdomo wazi kwa kilio.

"Ni miye," alisema Papa Mushagalusa polepole. "Nilitaka batu bakuhurumie."

Virginie hakungoja. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa seva. "Ninaifuta sasa hivi," akasema, akaivuta kompyuta.

Maman Bintu aliweka kiganja juu ya vibonyezo. "Wiki tatu unatuambia hakuna patron. Leo patron ni weye? Aliyeitia, aitoe mwenyewe. Mbele ya Rosette."

Damu ilimpanda Virginie kichwani. Akaiachia kompyuta. Hayo yalikuwa mafundisho yake mwenyewe.

Papa Mushagalusa akaanza kupapasa simu. "Hapa?"

"Si hapo, papa. Chini. Hapana, si hapo, utaituma tena!"

Hatimaye ikafutika. Mzee akasimama. "Rosette, unisamehe." Rosette alitikisa kichwa kukubali, bila kumtazama.

"Imekwisha kabisa?" Rosette akamuuliza Virginie.

"Huku kwetu, ndiyo. Seva zingine zenye ziliipokea zimeambiwa zifute, na nyingi zitafuta. Lakini mwenye aliichukua kwenye simu yake, maman, siwezi kumufikia."

Rosette akaingia ndani. "Afadhali umeniambia kweli."

Akapewa kiti, na mabishano ya kutunga kanuni ya picha za misiba yakaanza. Wengine walitaka iulizwe familia, wengine waliona mkubwa wa ukoo anatosha. Virginie aliandika, akafuta, akaandika tena, kichwa kikimgonga. Baada ya saa nzima Rosette mwenyewe akasema: "Muandike hivi. Picha ya mutu eko kilioni haitiwe kama yeye mwenyewe hajakubali."

Mikono ikainuka yote, wa Papa Mushagalusa ukiwa wa kwanza.

Virginie aliibandika kanuni hiyo mbele ya ukurasa, ikiwa peke yake. Kisha, kwa kuwa watu kumi na mmoja walikuwa tayari wamesahau maneno yao ya siri, akavuta kiti karibu na wa kwanza wao.