Sentensi Kumi za Gemu ya Pili

Jumamosi saa tisa alasiri, fundi cherehani alikuwa akipiga pindo la sketi ya shule wakati kaka yake alipoingia, akavuta kigoda mbele ya televisheni na kuwasha gemu. Alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Nyusi zake zilikuwa na vumbi jeupe la kiwanda cha vigae, na mama yao alimwambia afute miguu mlangoni, kama alivyomwambia siku zote alipokuwa hai. Hakufuta.

Rafiki zake wawili walikuwa tayari kwenye kochi. Mmoja alifanya naye kazi kwenye mashine ya kukata vigae. Walimwita Bwana Nne. Mwingine alikuwa na kibanda cha fotokopi, wakamwita Fotokopi. Walisogea kidogo ili marehemu anyooshe goti la kushoto, ambalo lilimsumbua tangu zamani.

Gemu hiyo ilikuwa imetoka mara nne, na zote nne zilihusu dunia iliyoungua na watu wachache waliotoka chini ya ardhi kuja kuona kilichobaki. Ipi kati ya hizo ni bora, huo ulikuwa ugomvi wa miaka. Bwana Nne aliipenda ya nne kwa kuwa mle unaokota mabati na mbao, unajenga nyumba. Fotokopi aliipenda ya pili kwa kuwa mle unazungumza: ukikutana na mtu unaandikiwa sentensi kamili, sita, saba, hata kumi, nawe unachagua ya kusema. Katika ya nne shujaa ana sauti yake, na mchezaji hupewa maneno manne tu ya kubonyeza: Kubali. Kataa. Kejeli. Uliza. Kitakachomtoka mdomoni baada ya hapo ni bahati yako.

"Ya pili ni kusoma tu," alisema Bwana Nne. "Ningetaka kusoma ningerudi shule."

"Ungerudi wangekukataa getini."

"Mwenzako nina nyumba ya ghorofa mbili mle ndani. Wewe una nini? Maneno."

"Nyumba yenyewe haina choo."

"Dunia imeungua, bado unaulizia choo?"

Alipokuwa hai, marehemu hakuwahi kuuingilia ugomvi huo. Alisema gemu zote nne ni za tumbo moja, kila moja na tabia yake. Tangu afe alichagua ya pili, Jumamosi baada ya Jumamosi. Fotokopi alihesabu kwamba ameshinda. Bwana Nne alisema kura ya marehemu ni kura iliyoharibika.

Jumamosi ya tatu tangu aanze kuja, fundi cherehani aliacha kazi, akaja kusoma. Kwenye kioo, shujaa alikuwa amesimama mbele ya daktari wa handakini, na chini yake zilikuwapo sentensi kumi za kuchagua: Vumbi lilikuwa linaingia hata tukifunga midomo. Tuliomba barakoa tangu mwaka juzi. Msimamizi alitugawia vitambaa vya kupangusia mashine. Marehemu alizibonyeza moja baada ya nyingine, bila haraka. Yeye mwenyewe hakusema kitu. Pumzi ya kusemea hakuwa nayo tena.

Fotokopi, aliyeimaliza gemu hiyo mara kumi na moja, alisema sentensi hizo hazimo.

"Labda wameiboresha," alisema Bwana Nne, asiondoe macho kwenye kioo. Alivijua vitambaa hivyo.

Kiwandani walikuwa wameandika vingine. Karatasi waliyoileta baada ya mazishi ilisema: Chanzo cha kifo, ugonjwa wa kifua wa kuzaliwa nao. Mama hakuweza kusoma herufi ndogo, lakini tangu siku aliyosomewa alikuwa akitembea nalo neno hilo kama mwiba wa kisigino.

"Nimezaa wawili," aliwaambia wageni. "Wote walilia mtaa mzima ukaamka. Kifua kibovu kinalia hivyo?"

Chakula chake kilipoa mbele yake. Fundi cherehani alitaka jambo moja tu: neno hilo lifutwe kabla mama hajamfuata mwanawe.

Fotokopi alipiga picha kile kioo, akatoa kurasa kumi na tisa. Fundi alizipeleka kiwandani kwa mtunza kumbukumbu, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Faili. Mama Faili alizipitia zote, akasema picha ya televisheni si shahidi. Fundi akamkaribisha nyumbani.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, mkoba mapajani. Alimpa pole mama, akampa pole dada, akafikiri kidogo, akampa pole na marehemu. Akasoma. Mahali fulani aliomba arudishiwe nyuma, na marehemu akamrudishia. Alivua miwani, akaifuta.

"Namkumbuka," alisema. "Alikuwa anachelewa Jumatatu."

"Sasa si umesikia?" alisema fundi.

"Nimesikia, mwanangu. Tena kajieleza vizuri." Alitoa fomu ya masahihisho. Chini ya chanzo palikuwa na visanduku vinne: Kuzaliwa nao. Uzembe. Ajali. Mengineyo.

"Vumbi haliko."

"Haliko. Zamani palikuwa na mstari wa kuandika. Wameuondoa, watu walikuwa wanaandika mno."

Fotokopi aliinamisha kichwa. Bwana Nne, ambaye siku nyingine angecheka hadi kesho, hakucheka.

"Weka hapo mwisho," alisema mama.

"Nitaweka, dada yangu. Lakini mengineyo huwa inarudi."

Fomu ilirudi baada ya wiki mbili. Kuzaliwa nao, safari hii ikiwa na muhuri. Mama aliikunja mara nne bila kumwomba mtu amsomee.

Mwezi uliofuata walianza kuja marehemu wengine wa kiwandani. Wawili walitoka upande wa tanuri, mmoja stoo. Fundi aliazima benchi kwa jirani, akalishonea kitambaa, maana vumbi lao lilikuwa gumu kutoka. Walipokezana pedi ya kuchezea kwa ustaarabu. Wawili walichagua ya pili. Yule wa stoo alichagua ya tatu, ambayo hakuna aliyewahi kuitetea, wakamwachia. Mama alifagia wakishaondoka.

Jumamosi moja, saa kumi ilipokaribia, Bwana Nne aliinuka kwenda zamu ya jioni. Alikohoa, akashika ukuta, akangoja kikohozi kipite.

"Mimi nikija," alisema, "nitacheza ya nne."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. "Ya nne hutaweza kusema kitu, ndugu yangu. Maneno manne."

Bwana Nne alimtazama rafiki yake aliyekuwa akibonyeza, sentensi ya sita, ya saba.

"Huyu kapewa kumi," alisema. "Mimi angalau nitajenga."

Mama alimuuliza Bwana Nne angependa kukaa upande gani wa benchi. Alifikiri, akasema dirishani, kisha akaenda kazini.