Baada ya Kula

Makhanu alipozinduka, kitu cha kwanza alichoona ni kiatu. Kilikuwa cha Wanzala, kimesimamishwa juu ya pua yake, kikitoa harufu ya kumwamsha maiti akadai aombwe radhi. Kitu cha pili kilikuwa utamu: walikuwa wamemsukumia kipande cha muwa katikati ya meno. Jino moja la mbele halikuwepo tena. Wakata miwa wenzake walisimama mbali, wakichunga povu lake la kifafa lisiwarukie.

"Nani alinivunja jino?"

"Tulikuwa tunakusaidia," Wanzala alisema.

"Kwa muwa?"

"Kijiko hakikuwepo."

Osiako, nyapara wao, alikuwa ameshalichukua panga la Makhanu.

"Ulisema uko kwa dawa."

"Niko! Nakunywanga!"

"Dawa gani inaangusha mtu mara tatu kwa mwezi? Siku moja utaangukia hili panga, mimi nimwambie nini mama watoto? Lete barua ya daktari. Bila barua, usikanyage hapa Jumatatu."

Miaka saba Makhanu alikuwa mkata miwa. Miezi minne alikuwa ametii bahasha ya dawa neno kwa neno, utiifu ambao hata kanisani hawajawahi kuuona kwake. Na hii ndiyo shukrani! Alitembea hadi zahanati iliyo nyuma ya soko la Mayoni huku akitema damu na matusi, akamwaga vidonge juu ya meza, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi.

"Sista, chukueni vitu vyenu."

Sista Jescah aliviangalia. "Hizi zilitakiwa ziishe juzi. Mbona zimebaki nyingi hivi?"

"Hizo ni za asubuhi."

"Na asubuhi humezi kwa nini?"

"Si wewe uliandika 'baada ya kula'? Mimi asubuhi sikulangi."

"Leo umetoka nyumbani na njaa?"

"Hapana. Nilikunywa chai na viazi vitamu vinne."

Sista aliweka kalamu chini. "Viazi vinne."

"Vikubwa."

"Na hujakula."

"Sista, sasa hapo obusuma, ugali wenyewe, ilikuwa wapi?"

Kwenye benchi, Kukhu Rachael, bibi aliyekuja kuchukua dawa zake za presha, aligonga bakora sakafuni. "Mwacheni kijana. Anasema ukweri. Kiazi si chakura. Kiazi ni cha kungojea chakura."

Benchi zima liliguna kukubali, kama baraza linalopitisha hoja.

"Ngojeni," Sista alisema, sauti ikipanda. "Nani mwingine hamezangi dawa mpaka aone ugali?"

Mkono wa Kukhu ulikuwa wa kwanza. Ukafuata wa mwanamume mwenye kikohozi, halafu wa mama aliyebeba mtoto. Sista alikuwa amefungua kinywa ili awakemee. Badala yake alizitazama bahasha walizoshika. Mwandiko ulio kwenye bahasha zote hizo ulikuwa wake.

"Maneno matatu!" Makhanu alifoka. "Miezi minne naanguka kama gunia, kwa sababu ya maneno matatu!"

"Pole," Sista Jescah alisema, na benchi zima likainua shingo, kwa maana neno hilo hawakuwa wamelizoea kutoka upande ule wa meza. Aliyakata kwa kalamu maneno yale matatu kwenye bahasha ya Makhanu. "Moja asubuhi, moja jioni. Umekula ugali, umekula kiazi, umekunywa chai tupu, meza. Ukisahau moja, usimeze mbili pamoja kufidia. Na usiziache ghafla, hata ukijiona mzima. Mtu akianguka, ondoeni vitu vyenye makali, mlazeni kwa ubavu. Mdomoni hakuingii kitu."

"Hiyo iandike kwa barua ya nyapara. Herufi kubwa. Na uandike nimepona."

"Uongo siandiki. Panga liache kwanza, mpaka daktari akuone tena."

"Sista! Mimi ni mkata miwa!"

"Nimesikia. Na mimi nataka ubaki na mikono miwili."

Jumatatu Osiako aliisoma barua kwa sauti mbele ya wote. Alipofika kwenye herufi kubwa, Wanzala alianza kuchunguza udongo kwa makini sana. Kisha nyapara akaonyesha ng'ambo ya barabara, ambako wanawake walikuwa wakipanda mbegu za miwa, vipande vifupi vya muwa, mitaroni.

"Mitaro? Na wanawake?"

"Mitaro ama nyumbani, Makhanu."

Alivuka. Wanawake walimwona angali mbali.

"Karibu, Mama Makhanu!" Nekesa, aliyewaongoza, alipaza sauti. "Leso umekuja nayo?"

"Naomba heshima," Makhanu alisema, na pengo likaifanya heshima hiyo ipige mluzi. Walicheka mpaka wakashika viuno.

Aliinama, akalaza kipande cha kwanza cha mbegu mtaroni. Nekesa alikigeuza, jicho dogo la kijani, pale muwa unapochipukia, likatazama juu. Ng'ambo, mapanga yalianza kulia. Makhanu hakugeuka. Alichukua kipande kingine, akaanza kulitafuta jicho lake kwa kidole gumba.